Kipaji Hakibebi Bidoni

Katika nyumba yetu ya Cimpunda tunalala watu sita, na kwa taarifa niliyopewa juzi, watatu kati yetu wana vipaji vya akili vya kupindukia. Watatu tuliobaki ndio tunaochota maji.

Habari ilianza na shemeji yangu, mdogo wake Mama watoto. Kijana ana lisansi ya chuo kikuu, ana adabu, ana mashati mazuri kuliko yangu. Kasoro yake ni moja tu: kazi ya ofisini hajaipata, na ya nyumbani haitaki. Alikuja kwetu kwa siku chache za kutafuta ajira, na sasa hata paka wa jirani anamjua kama mwenye nyumba. Basi akaingia sebuleni na simu mkononi, akanisomea dalili za mtu mwenye kipaji cha akili. Analala usiku sana. Anaamka jua limepanda. Chumba chake ni vurugu. Anaongea peke yake. Makelele yanamtesa. Anasahau vitu vidogo kwa sababu kichwa kimejaa vitu vikubwa. Hakubali amri ya mkubwa mpaka aelezwe sababu. Kazi za kurudia-rudia zinamchosha roho.

"Shemeji," akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyetoka kupokea majibu ya maabara, "kumbe miye sikuwa mvivu. Nilikuwa na kipaji."

Nikamwomba arudie ile ya kazi za kurudia-rudia. Akarudia. Nikamuuliza kama kuchota maji kumo. Akasema maji ndiyo mfano wenyewe.

Cimpunda, kwa asiyepajua, ni mtaa wa mlimani katika komini ya Kadutu, mjini Bukavu. Ukiona picha nzuri za Bukavu na Ziwa Kivu, ujue mpiga picha alisimama kule chini. Huku juu tunakaa sisi. Nyumba za mbao na mabati zimebebana ubavuni mwa kilima, dirisha la huyu linatazama paa la yule, na njia zetu ni ngazi za udongo tunazochimba kwa jembe na mvua inazifuta tukishazizoea. Maji ya bomba huja yanapotaka, na mara nyingi yanataka usiku wa manane. Bomba likianza kukoroma, watu wanaruka kitandani, bidoni za njano zinapanga foleni, na bidoni ya lita ishirini ina kilo ishirini, hata aliyeibeba awe na kipaji cha namna gani. Anayesema hiyo ni kazi ya kurudia-rudia hajapanda nayo baada ya mvua. Kila safari ina utelezi wake mpya.

Nyumba za mbao hazina siri. Jioni ile ile jirani wa ukuta wa pili alikuwa ameshaikariri orodha, na kabla ya Jumapili avenyu yetu yote ilikuwa imejaa watu wa ajabu. Fundi cherehani, ambaye anayo suruali yangu tangu Pasaka, alinieleza kwamba watu wa aina yake huanza mambo mengi kwa pamoja, na kumaliza kunawashinda kwa sababu akili imekwisha kutangulia mbele. Inaonekana suruali haikutangulia nayo. Kijana wa taxi-moto aliyesahau kunirudishia chenji alisema kichwa chake hakishiki namba ndogo. Mtoto wa jirani anayekataa sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ana ulimi wenye hisia kali. Zamani mtoto akikataa sombe alilala njaa, na asubuhi ulimi ulikuwa umepona.

Mama watoto, ambaye nilimtegemea kwa busara, akagundua kwamba kifungua mimba wetu anabamiza mlango kwa sababu moyo wake una hisia nyingi. Nikasema kinachoumia ni bawaba. Akasema baba asiye na kipaji hawezi kumwelewa mtoto mwenye nacho. Kitinda mimba naye alipewa cheo kwa kuifungua redio yangu ya transista vipande vipande: huo ni udadisi. Ningekuwa mimi nimeifungua nikashindwa kuifunga, ungekuwa ni uharibifu.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Ualimu una somo la saikolojia, ambalo wengi wetu tulilikariri kwa ajili ya mtihani tukalirudisha siku ile ile. Safari hii nililirudia kwa hasira, na hasira inasomesha kuliko profesa.

Nikaanza na Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Mwaka 1921 alianza kuwafuatilia watoto wapatao 1,500, wengi wao wa California, waliopata alama za juu kabisa katika kipimo cha akili. Wakati ule watu waliamini kwamba mtoto mwenye akili nyingi lazima awe dhaifu, mgonjwa-mgonjwa, asiyeelewana na wenzake. Terman akakuta kinyume. Kwa wastani watoto wale walikuwa na afya nzuri, warefu kidogo kuliko wenzao, na shuleni walipatana na watu. Ni kweli wengi walitoka katika familia zenye chakula cha kutosha, na chakula nacho kinasaidia urefu. Lakini nilimsomea shemeji ukurasa wote na hakuna mahali paliposema walishindwa kuamka.

Shemeji akanijibu kwa simu. Akanionyesha utafiti wa mwaka 2013 wa Kathleen Vohs na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota: watu waliowekwa katika chumba chenye vurugu walibuni matumizi mapya ya mpira wa tenisi ya mezani kwa ubunifu zaidi kuliko waliowekwa katika chumba kilichopangwa. Akaufunga mjadala, akarudi kulala juu ya nguo zake. Mimi nikausoma utafiti ule mpaka mwisho, jambo ambalo halimo katika dalili za kipaji. Wale wa chumba safi ndio waliotoa msaada wa fedha zaidi, na walipopewa nafasi ya kuchagua cha kutafuna, ndio waliochukua tofaa wakaacha vitamutamu. Kwa hiyo chumba cha vurugu kinaleta mawazo, na chumba safi kinaleta mchango wa chakula. Nyumba yangu ina mawazo ya kutosha.

Hata hilo la kulala usiku sana ni hivyo hivyo. Mwaka 2011 watafiti walikusanya tafiti nyingi zilizotangulia, wakakuta kwamba watu wa usiku wanawazidi watu wa asubuhi akili kwa kiasi kidogo sana, ila darasani watu wa usiku ndio wenye alama za chini. Waswahili walifupisha utafiti wote huo zamani: akili nyingi huondoa maarifa.

Kinachonichekesha zaidi ni waliokosa nafasi kwa Terman. Vijana wawili, William Shockley na Luis Alvarez, walipimwa wakaonekana hawafikii kiwango, wakaachwa nje. Shockley akapata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1956 kwa kazi ya kuvumbua transista, kile kidude ambacho kitinda mimba wangu alikitoa katika redio akakipoteza. Alvarez akapata yake mwaka 1968. Kati ya wale 1,500 waliopita, hakuna hata mmoja aliyepata Nobel. Hapo ungedhani Shockley angekuwa mtu wa kwanza kuvidharau vipimo vya akili. Wapi! Uzeeni alizunguka Marekani akitumia alama za vipimo hivyo hivyo kudai kwamba watu weusi wamezaliwa na akili pungufu. Mtu kafelishwa na mzani, kisha anauazima mzani ule ule kupimia wenzake.

Na sisi Wakongomani mzani huo tunaujua tangu zamani, hatukuuona kwanza kwenye simu. Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilianzisha kadi ya heshima ya uraia kwa Mkongomani aliyehesabiwa kuwa amestaarabika, na mwaka 1952 ikaongeza daraja la juu yake. Mwombaji alichunguzwa maisha yake yote, mpaka nyumbani: wanakaaje, wanalalaje, wanakula mezani kwa uma na kisu au vipi. Mtu mzima, baba wa watoto, akili yake ikasubiri hesabu ya uma. Katika miaka ya 1950 akaja mwanasaikolojia André Ombredane wa Chuo Kikuu cha Brussels, akawapa watu wa Kasai picha za rangi zenye pengo, wachague kipande cha kuliziba. Alama za kwanza hazikuwa za kujivunia. Ila walipopewa karatasi zile zile tena na tena, alama zikapanda. Ubongo wa watu wa Kasai haukutiwa mbolea katikati ya majaribio hayo. Walikuwa wameizoea karatasi, basi.

Wakpelle wa Liberia nao waliwapa watafiti somo ambalo ningependa libandikwe mlangoni mwa kila ofisi ya elimu. Michael Cole na wenzake waliwapa Wakpelle vyakula, zana na nguo, wavipange kwa makundi. Mtafiti alitaka vyakula vikae na vyakula, zana na zana. Wakpelle wakaweka kisu pamoja na chungwa, kwa kuwa kisu ndicho kinachokata chungwa, na jembe pamoja na kiazi, kwa kuwa jembe ndilo linalochimba kiazi. Wakasema ndivyo afanyavyo mtu mwenye busara. Mtafiti alipochoka, akauliza: na mjinga angepangaje? Hapo wakapanga vyakula na vyakula, zana na zana, sawasawa kama alivyotaka.

Usiseme nadharau shule, maana ndiyo inayonilisha, ijapokuwa kwa kijiko. Hapa kwetu akili ina msimu. Matokeo ya mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari yakitoka, mtaa mzima unakuwa mweupe kwa poda. Aliyepata asilimia 50 anamwagiwa poda sawa na aliyepata 80, mama yake anapiga vigelegele sawa, na kwa siku moja Cimpunda haina mjinga. Siku ya pili poda inaoshwa, na tatizo ni lile lile: nani atakwenda kuleta maji ya kuioshea.

Ndipo nikafika kwa Robert Serpell, nikaona mtu amekuja kwetu bila kujua. Katika miaka ya 1970 Serpell alifanya kazi kati ya Wachewa wa mashariki ya Zambia. Badala ya kuanza na karatasi, aliwauliza watu wazima wa kijiji: kati ya watoto hawa mnaowajua, ukiwa na kazi ya maana ya kutuma, utamtuma yupi? Na kwa nini huyo? Majibu yakaonyesha kwamba kwa wanakijiji wale akili haikai peke yake. Mtoto mwerevu ambaye huwezi kumtegemea, werevu wake haujakamilika. Serpell huyo huyo aliwalinganisha watoto wa Zambia na wa Uingereza katika utafiti wa mwaka 1979: wa Uingereza wakashinda kwa penseli na karatasi, wa Zambia wakashinda kwa kutengeneza vitu vya waya, kwenye udongo wakalingana. Kila mtu ni bingwa wa kitu alichokulia nacho mkononi. Shemeji amekulia na simu.

Kisha kuna wale wa Usenge, Kenya, kando ya Ziwa Victoria. Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao walitoa mwaka 2001 utafiti juu ya watoto 85 wa huko. Waliwauliza juu ya majani ya dawa: hili linatibu nini, unalipima vipi. Kisha wakawapa na mitihani ya kishule. Waliojua sana dawa za majani walielekea kupata alama za chini katika mitihani ile, hasa ya msamiati. Kuna mzazi ambaye akili ya mtoto wake ilikwenda yote porini, na mwingine ambaye yote ilikwenda darasani, na watoto wote wawili hawakuwa wajinga.

Marehemu nyanya yangu kule Walungu hakumsoma Serpell, lakini alikuwa na kipimo kile kile. Alikutuma, akakaa, akangoja aone unarudi na nini. Nikaamua kukitumia nyumbani.

Nikamtuma kwanza shemeji, soko la Kadutu, alete makala, yaani makaa ya kupikia. Alirudi magharibi, mikono mitupu, uso unang'aa. Njiani alikutana na rafiki wa chuo, wakaongea juu ya mustakabali wa Afrika, gunia akalisahau mahali walipokuwa wanaongea. Makala hayakuwahi kununuliwa, ila Afrika, aliniambia, ina matumaini.

Siku ya pili nikamtuma binti yangu, yule wa katikati, mwenye miaka kumi, ambaye hayumo katika hesabu ya vipaji kwa sababu analala mapema na anakula sombe. Nikampa noti alete sambaza, vile visamaki vya ziwani. Mimi nikashuka nyuma yake polepole nione. Alipita meza ya kwanza bila kusimama. Ya pili akainama akanusa, akaenda. Kwenye ya tatu akauliza bei, akageuka kama anayeondoka, akaitwa, akarudi. Yule mama akampimia fungu. Binti hakunyoosha mkono. Akangoja. "Na matabisi, Mama?" Akaongezewa kiganja. Akaangalia kile kiganja, akamtazama yule mama usoni kwa heshima zote, akaongezewa kidogo tena. Alipopewa chenji alizikagua noti moja moja, ile yenye mpasuko akairudisha akabadilishiwa, maana Bukavu noti iliyopasuka ni karatasi tu. Alifika nyumbani kabla yangu, na mlangoni akanipokea nikiwa nimeishiwa pumzi.

Jioni nikatangaza matokeo mbele ya wote. Nikasema kwa mujibu wa wanasayansi na wa marehemu nyanya, mwenye kipaji hapa ndani amepatikana, na ni huyu. Nilitegemea makofi. Binti akaweka sahani chini.

"Papa," akasema, "miye niko na akili, ndiyo maana munanituma kila siku. Mujomba iko na akili, ndiyo maana hamumutumi. Sasa akili ya muzuri ni gani?"

Mama watoto akakohoa. Shemeji akasema hilo ni swali la kifalsafa. Mimi nikatafuta jibu kwa Terman, kwa Sternberg na kwa Serpell, na sikuona aliyelishughulikia vizuri. Maana ukweli ndio huo: ukionekana unaweza, unabebeshwa, na zawadi ya kuirudisha chenji kamili ni kutumwa tena kesho. Mtoto mwerevu kweli angejifunza mapema kuvunja sahani mbili tatu. Huenda ndivyo vipaji vingine vya avenyu yetu vilivyoanza.

Basi nikapanga zamu ya maji, nikaibandika ukutani. Kila mtu jina lake, kila mtu usiku wake, kipaji au si kipaji. Shemeji aliisoma akanyamaza, na ukimya wa shemeji ni kitu cha kuogopa. Usiku wa zamu yake nikaamka kuhakikisha. Bidoni zote zilikuwa zimejaa, zimepangwa mlangoni, na yeye amelala fofofo juu ya nguo zake.

Nilipata maelezo darasani. Nilitoa mazoezi ya hesabu, na wanafunzi wangu wa Cimpunda, wale ambao mwaka mzima tunagombana kwa sehemu na desimali, walileta kazi safi isiyo na doa. Wote walipata sawa maswali yote isipokuwa la saba. La saba wote walikosa, kwa kosa moja, lile lile ambalo shemeji hulifanya anapogawanya bili ya umeme. Wanabeba maji yake usiku, yeye anawafanyia hesabu zangu mchana.

Nikamkabili. Hakukana. Alisema nilitaka akili ya matumizi, hiyo ndiyo akili ya matumizi, na hata Sternberg angempa alama. Nilikuwa sijamwambia jina la Sternberg. Kumbe huyu kijana ukutani anasikia.

Ila, akasema, sifa si zake zote. Mpango wenyewe ulibuniwa na binti yangu. Ndiye anayewapanga vijana foleni, ndiye anayehesabu bidoni, ndiye anayekataa iliyojaa nusu, na kwa kila bidoni anakata franka zake kabla ya hesabu kufika kwa mjomba. Ana daftari. Nililiona: safu ya jina, safu ya bidoni, safu ya madeni. Fundi cherehani amo, anadaiwa. Kijana wa taxi-moto amo, na chenji yangu imeandikwa kwamba imekwisha kulipwa, kwa binti.

Nilimwita nikamwambia kwa ukali kwamba mimi ni baba yake na mwalimu, siwezi kuona kazi ya darasa langu inauzwa kwa maji bombani. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma, kama alivyofundishwa. Kisha akafungua daftari, akatafuta ukurasa wangu.

"Zamu yako ni kesho, Papa. Wewe ni wa nyumba, nitakupunguzia bei."